Kasha la Lita Moja: Maswali Yenu Kuhusu Kompyuta Ndogo za Mezani

Maswali yaliyonifikia safari hii, kuanzia Tunduma hadi Mafinga, karibu yote yanahusu zile kompyuta ndogo za mezani zenye kimo cha kitabu, ambazo nyingi ziliwahi kutumika maofisini Ulaya na Marekani kabla ya kushuka Kariakoo na kupandishwa mabasi ya kuja huku kwetu nyanda za juu. Nimefupisha maswali bila kugusa maana yake, na nimeanza na lile lililonichukua muda mrefu zaidi.

Habari za kazi, fundi. Nina stesheneri hapa Uyole. Kazi zangu ni kuchapa, kuprinti, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mashine yangu ni ya zamani, Core 2 Duo E8400 ya gigahezi 3.0. Dukani nimeoneshwa mbili kwa bei ile ile. Ya kwanza ni mpya kwenye boksi lake: Celeron J4125, RAM (kumbukumbu ya kazi) gigabaiti 8, hifadhi gigabaiti 128 aina ya eMMC. Ya pili imetumika: Lenovo ThinkCentre M720q, Core i5-8500T, RAM 8, SSD (diski ya chipu) 256 ya NVMe. Muuzaji ananisukumia ile mpya. Kinachonitatiza ni kwamba ile mpya ina gigahezi 2.0 na ile iliyotumika 2.1. Si nitakuwa narudi nyuma? (Mwenye stesheneri, Uyole)

Hapana, hutarudi nyuma, dada yangu, na swali lako ni la mtu anayesoma lebo, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Gigahezi huhesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde. Hazisemi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. Wewe uliyeko Uyole unaona kila siku viazi vinavyoshuka: bodaboda anaweza kwenda na kurudi mara nyingi kuliko Fuso, lakini jioni ukihesabu magunia hutamlinganisha na Fuso. E8400 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na viini (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) viwili na kikomo cha joto cha wati 65. Core i5-8500T ilitoka mwaka 2018, ina viini sita, kikomo chake ni wati 35, na ile 2.1 unayoiona kwenye lebo ni kasi ya msingi tu, maana kazi ikiwa nzito prosesa hujipandisha yenyewe hadi gigahezi 3.5 kwa kadiri joto linavyoruhusu. Zaidi ya hayo, kila kiini chake kinamaliza kazi kubwa zaidi kwa pigo moja kuliko kiini cha mwaka 2008.

Sasa tuitazame ile mpya. Celeron J4125 ina viini vinne, kasi ya msingi 2.0 inayopanda hadi 2.7, na imeundwa itumie umeme mdogo sana, wati 10. Si prosesa mbovu. Mtu anayefungua ukurasa mmoja wa Word na kuandika barua hataiona ikichechemea. Lakini stesheneri haiendi hivyo. Asubuhi ya siku ambayo wanafunzi wanajaza maombi ya mkopo, wewe una kurasa kumi na tano za kivinjari zimefunguka, mteja mmoja anasubiri vyeti vyake viskaniwe viwe PDF, mwingine anataka picha ipunguzwe hadi kilobaiti fulani, na printa inapokea kazi ya tatu. Hapo J4125 itaanza kukufanya umwambie mteja “subiri kidogo mtandao uko chini”, wakati mtandao hauna kosa lolote.

Jambo lililonifanya niamue bila kusita, hata hivyo, si prosesa bali ni hifadhi. eMMC ni chipu iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ni ndugu wa kadi ya kumbukumbu ya simu. Njia yake ya mawasiliano, hata katika toleo la 5.1, haivuki megabaiti 400 kwa sekunde, na hicho ni kikomo cha karatasini. SSD ya kawaida ya SATA hufika takriban 550, na ile ya NVMe inayopita kwenye njia nne za PCIe 3.0 inaweza kukaribia 3,500. Tofauti hiyo hutaiona yote katika kazi za ofisi, maana ofisini ni mafaili mengi madogo, lakini utaihisi kila unapowasha mashine na kila Windows inapojisasisha. Kubwa zaidi ni kwamba eMMC ikichoka huibadilishi. Unabadilisha ubao mama, yaani unabadilisha kompyuta.

Ile M720q ukigeuza nyuma yake utaona skrubu moja. Ukiifungua, kifuniko cha juu kinasukumwa mbele na kuinuka, na ndani utakuta nafasi mbili za RAM, nafasi ya SSD ya NVMe na sehemu ya kuweka diski ya inchi 2.5. Kasha lote lina ujazo wa lita moja hivi na unene wa sentimita tatu na nusu. Leo unaanza na RAM 8. Biashara ikichanganya unapachika nyingine 8 bila kumwita fundi. Kwa J4125, Intel wenyewe wanaandika kwamba kikomo chake ni RAM 8.

Nitakuwa mkweli kwamba mashine mpya ina udhamini na iliyotumika mara nyingi ina ahadi ya mdomo tu. Hata hivyo, ningekuwa mimi ningechukua iliyotumika, baada ya kuipima kama nilivyoeleza kwenye jibu la mwisho la ukurasa huu.

Kamwene, fundi. Nimeona tangazo la kompyuta ndogo: “Core i5, RAM 8, SSD 256, bei ya kutupa.” Niwahi kabla haijaondoka? (Mwanafunzi wa chuo, Iringa)

Kamwene. Usiwahi, kwanza uliza tarakimu zinazofuata baada ya i5. Jina Core i5 lilianza mwaka 2009, kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia i5-650 ya mwaka 2010 yenye viini viwili na akawa hajasema uongo. Katika majina ya miaka mingi ya Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ikiwa namba ina tarakimu nne, au mbili za kwanza ikiwa ina tano, ndiyo kizazi: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-6500T ni cha 6, i5-8500T ni cha 8, i5-10400T ni cha 10. Herufi T mwishoni inaonesha prosesa ya mezani iliyopunguziwa umeme, na ndiyo unayoikuta kwenye makasha haya madogo. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya ukurasa wa taarifa za mfumo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa masomo ya kawaida mimi huweka mstari kwenye kizazi cha 8. Sababu moja ni kwamba ndipo Intel walipoongeza viini: i3-8100T ina vinne, idadi ambayo kizazi kimoja nyuma ulilazimika kulipia i5 ili uipate. Sababu ya pili iko kwenye jibu la mwalimu hapa chini.

Shikamoo fundi. Nimenunua SSD ya gigabaiti 256, nilipoifunga Windows ikaonesha 238. Nimeibiwa gigabaiti 18? (Kijana wa Mafinga)

Marahaba. Hujaibiwa. Kiwandani gigabaiti moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja, yaani elfu mara elfu mara elfu, wakati Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kisha ikaandika herufi zile zile GB. Gawanya bilioni 256 kwa 1,073,741,824 utapata 238 na ushei. Kinachostahili kukutia wasiwasi ni kinyume chake: flashi ya bei ya chai iliyoandikwa terabaiti 2, ambayo Windows inaikubali kwa namba yake kamili, kisha mafaili yanaanza kufunguka yakiwa matupu. Ijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza yote na kusoma tena kilichoandikwa.

Fundi, duka langu lina HP EliteDesk 800 G3 Mini yenye RAM 4, na sasa inakwama. Nina RAM ya 4 niliyoitoa kwenye kompyuta mpakato ya zamani iliyokufa. Niipachike? (Mama wa duka la vifaa vya ujenzi, Makambako)

Mama, kwanza itoe hiyo RAM mfukoni uisome. Kompyuta hizi ndogo hutumia RAM fupi za mpakato, kwa hiyo wazo lako lina msingi. Swali ni kizazi cha RAM yenyewe. EliteDesk yako inatumia DDR4. Kama kwenye karatasi ya RAM yako ya zamani kumeandikwa PC3 au PC3L, hiyo ni DDR3, ina meno 204 na volti zake ni tofauti. Ya DDR4 imeandikwa PC4 na ina meno 260. Hata ukitaka kulazimisha haitaingia, kwa kuwa pengo lililokatwa katikati ya meno limehamishwa mahali pengine makusudi. Nimewahi kuletewa mashine ambayo mtu aliona pengo halilingani akachukua tupa. Alipoteza RAM, akapoteza na ubao mama.

Ikiwa ni PC4, pachika bila hofu. Zikiwa za kasi tofauti, zote mbili zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi: RAM mbili za 4 hufanya kazi kwa pamoja kwenye njia mbili, na kwa kuwa mashine hizi hazina kadi ya picha bali huazima RAM kwa ajili ya skrini, 4 na 4 mara nyingi huenda vizuri kuliko 8 moja. Kuhusu RAM 4 peke yake, Windows ya sasa inakula karibu nusu yake kabla hujafungua hata daftari la mauzo, kwa hiyo sishangai kwamba inakwama.

Fundi, shule yetu ilipata kompyuta kumi ndogo za Dell OptiPlex 3050 Micro zenye Core i5-6500T. Zinafanya kazi vizuri sana, lakini tumeambiwa Windows 10 imekwisha na hizi haziwezi kuwekwa Windows 11. Tumepata vyuma chakavu? (Mwalimu wa sekondari, Tukuyu)

Hapana, Mwalimu. Mmepata mashine nzuri zilizofungiwa mlango na kampuni iliyotengeneza programu; uwezo wake wa kufanya kazi haujapungua. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai mambo ambayo kwenye karatasi ni madogo: prosesa ya biti 64 yenye viini viwili na gigahezi 1, RAM 4, hifadhi 64, njia ya kuwaka ya UEFI yenye ulinzi wa Secure Boot, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtego uko kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo kwa upande wa Intel, ukiondoa chache sana, inaanzia kizazi cha 8. Zenu ni za kizazi cha 6, kwa hiyo hata zikitimiza mengine yote bado ziko nje ya orodha. Ukitaka kuona TPM ya mashine yoyote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha usome toleo lililoandikwa upande wa chini.

Zipo njia za mkato za kuisukuma Windows 11 iingie kwa nguvu, na vijana watakuonesha. Kwa mashine ya nyumbani sitagombana na mtu. Kwa maabara ya shule siishauri, kwa sababu Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine zilizoingizwa kwa mlango wa nyuma, na siku moja kati ya muhula utajikuta na kompyuta kumi zilizogoma kwa pamoja.

Ningekuwa mahali pako ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows. Haina malipo, inaridhika na RAM 4, na mpangilio wake wa skrini unafanana na Windows kiasi kwamba wanafunzi watauzoea ndani ya vipindi viwili. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi inayokuja nayo, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ingawa nyaraka zenye majedwali mengi na fonti za kununua zinaweza kuhama mpangilio. Kwa hiyo mitihani iprintini baada ya kuibadilisha kuwa PDF. Anza na mashine moja, ikae wiki mbili kwenye chumba cha walimu, kwa maana walimu wakiikataa hakuna mwanafunzi atakayeifaidi. Jambo la kuhakikisha kabla ya yote ni printa: si kila printa ya bei nafuu ina dereva wa Linux.

Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa. Umeme wetu unakatika mara kwa mara, na msimu wa mavuno hatuwezi kupoteza hesabu za wakulima. Kompyuta hizi ndogo zinakula umeme kiasi gani, na je, UPS ndogo (kasha la betri ya dharura) inatosha au tuweke sola? (Mbozi)

Hapa ndipo kasha dogo linapolipa gharama yake, ndugu katibu, kwa hiyo tupige hesabu. Zile wati 35 za prosesa nilizozitaja kwenye jibu la kwanza ni kipimo cha joto lake, si umeme wa mashine nzima. Kompyuta ya aina hii ikiwa imetulia inakula kama wati 10 hadi 15, ikibanwa na kazi inaweza kupita 50, na skrini ya LED ya inchi 19 inakula takriban 15 hadi 20. Tuchukue wastani wa wati 40 kwa vyote viwili. Saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 10.4. Kompyuta kubwa ya zamani na skrini yake zinazokula wati 120 kwa saa hizo hizo ni uniti 31.2. Tofauti hiyo izidishe kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yenu ya LUKU, kisha kwa miezi 12, halafu ipeleke kwenye kikao.

UPS ya kawaida ya VA 650 huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Sehemu yake hupotea wakati umeme wa betri unapogeuzwa kuwa wa volti 230, na betri ya asidi ikinyonywa haraka haitoi yote iliyoandikiwa. Mimi humwambia mteja ahesabu dakika 40 kwa kompyuta na skrini betri ikiwa mpya, na baada ya miaka miwili au mitatu ahesabu muda wa kuhifadhi na kuzima tu. Ila msithubutu kuchomeka printa ya leza kwenye UPS hiyo. Ndani yake kuna hita ya kuyeyushia unga wa wino ambayo inapowaka huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS itazima kila kitu, kompyuta ikiwemo. Waya wa printa uende ukutani.

Sola inafaa ikiwa umeme unakatika kwa saa nyingi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Ukitoa hasara ya inveta, wati 40 mtazipata kwa saa 12 au 13. Inveta iwe ya wimbi safi. Wapo wanaouliza kama wanaweza kuruka inveta kabisa, kwa kuwa makasha mengi mapya yenye Intel N100 huingiza umeme wa volti 12. Wazo ni zuri, lakini betri ya volti 12 haikai kwenye 12: ikipungua inashuka hadi karibu 11, na inapochajiwa inapita 14. Wekeni katikati kifaa cha kuituliza volti, kwanza msome kwenye lebo ya mashine kwamba inataka 12 kweli, kwa sababu mashine za HP na Dell zilizotoka maofisini zinataka 19.5 na za Lenovo 20.

Kuna mpangilio mmoja kwenye BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ambao watu wengi wa huku wangeufurahia kama wangeujua, nao ni ule unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Uwekeni ibaki imezima. Umeme unaorudi mara nyingi hurudi ukichezacheza, unawaka na kuzima mara mbili tatu, na kompyuta inayojiwasha kila mara katikati ya mchezo huo ndiyo inayoharibu mafaili.

Skrini yangu ina tundu la VGA tu, na kompyuta ndogo niliyonunua ina DisplayPort na HDMI. Nilinunua waya wa HDMI kwenda VGA, haioneshi kitu. (Vwawa)

Waya peke yake hautoshi, kwa kuwa VGA hupokea mawimbi ya analojia na HDMI hutoa ya kidijiti. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, ambacho kwa macho ni kile chenye kichwa kinene kuliko plagi ya kawaida. Ukipata cha DisplayPort kwenda VGA kitafaa vile vile.

Fundi, naomba ushauri. Nataka kuanza kuhariri video za harusi na kwaya. Naweza kuongeza kadi ya picha kwenye kompyuta hizi ndogo? (Kijana wa Kihesa, Iringa)

Kwenye kasha la lita moja ondoa wazo hilo, mdogo wangu. Katika mengi nafasi haipo, na adapta ya wati 65 haiwezi kulisha mashine na kadi kwa pamoja. Panda ngazi moja, uchukue yale makasha membamba ya ofisini yenye usambazaji wa umeme ndani, ambayo hupokea kadi fupi zisizozidi wati 75 kama GTX 1050 Ti ya kimo kifupi. Kabla ya kununua kadi, hata hivyo, jaribu kwanza kilichomo: prosesa za mezani za kizazi cha 8 zina kitengo cha picha kinachoweza kufungua na kufunga video za H.264 na HEVC (mitindo ya kubana video) bila kuichosha prosesa, mradi programu yako ya kuhariri imewekwa iitumie. Harusi ya saa mbili kwa 1080p itatoka. Ya 4K yenye kamera tatu itakukesha. RAM 16 ndiyo ya kuanzia, na video ghafi zikae kwenye diski yake, si pamoja na Windows.

Kyela kuna joto na unyevu, na ndugu yangu yuko Makete kwenye baridi na ukungu. Mashine ipi inafaa wapi? (Kyela)

Mashine ni ile ile, matunzo ndiyo tofauti. Kyela isimamishe wima kwenye kibao chake, matundu yasibanwe na ukuta, na feni ipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache, kwa sababu prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguza kasi na mtu akadhani ni virusi. Makete baridi yenyewe haina shida. Shida ni kuitoa mashine kwenye baridi kali na kuiwasha papo hapo ndani ya chumba chenye jiko la mkaa. Umande hujenga ndani kama unavyojenga kwenye miwani. Iache ipate joto la chumba kwanza, saa moja au mbili.

Nitaipimaje kompyuta iliyotumika nikiwa dukani, mimi nisiye fundi? (Swali hili limeulizwa na wengi, kuanzia Mwanjelwa hadi Njombe)

Nenda na flashi, nenda mchana, na mwambie muuzaji mapema kwamba utakaa nusu saa, anayekataa amekujibu. Kwanza tazama adapta. Lazima iwe ya mashine ile ile, kwa sababu mashine hizi huitambua adapta yake. Dell ikishindwa kuitambua hutoa onyo wakati wa kuwaka kisha hujipunguza kasi, na utanunua i5 inayotembea kama kobe bila kujua kosa ni la waya.

Inapowaka, ingia kwenye BIOS kabla ya Windows: Lenovo hizi ni F1, HP ni F10, Dell ni F2. Ikikudai neno la siri na muuzaji hana, rudisha mashine mezani. Windows ikishafunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye sehemu ya utendaji; hapo utasoma jina kamili la prosesa, ukubwa wa RAM, na kama RAM ni moja au mbili. Kutoka kwenye flashi yako fungua CrystalDiskInfo, ambayo huonesha saa ambazo diski imewashwa na asilimia ya afya yake. Diski iliyowashwa saa 20,000 si ajabu kwa mashine ya ofisi. Diski yenye alama ya njano ni ya kubadilisha, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Cheza video ya 1080p huku umefungua kurasa kumi, kwa dakika 15, na usikilize feni. Sauti ya upepo ni ya kawaida. Sauti ya kukwaruza ni beringi. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Hakikisha ina waifai: mashine nyingi za ofisi zilitumia waya wa mtandao tu na hazikuwahi kufungwa kadi hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na mbili za namna hiyo, nikachekwa na mwanafunzi wangu aliyeliona tundu la antena limezibwa kabla hata sijaiwasha. Chomoa umeme kwa dakika kumi, uwashe tena utazame saa. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na hiyo ni gharama ndogo isiyostahili kuvunja biashara.

Mwisho linganisha namba ya mfululizo iliyobandikwa kwenye kasha na ile inayoonekana ndani ya BIOS. Zikitofautiana, ubao mama umeshabadilishwa na kasha si lake, na hapo mazungumzo ya bei yaanze upya kutoka chini.